Namna ya Kumtilia Msomaji Mkononi Kitabu Asichokijua: Mwongozo kwa Wakutubi, Wauza Vitabu na Vyama vya Wasomaji Nairobi

Riwaya ya Kiswahili isipochaguliwa kuwa seti buku, yaani kitabu cha kutahiniwa shuleni, hapa Kenya maisha yake hadharani huwa mafupi. Huzinduliwa, hukaa kwenye rafu ya mbele kwa majuma kadhaa, kisha husogezwa nyuma kupisha vitabu vya kiada shule zinapokaribia kufunguliwa. Mwaka ukipita huipati ila kwa kuiulizia kwa jina, na nani ataulizia jina asilowahi kulisikia? Husemwa kizuri chajiuza. Kitabu hakijiuzi. Kinataka mtu wa kukitia mkononi mwa mtu mwingine, na kazi hiyo ina ufundi wake.

Mwongozo huu ni wa mkutubi, wa muuza vitabu awe na duka au awe anatandaza kando ya barabara, wa mwalimu anayesimamia maktaba ya shule, na wa yule mtu katika kila kikundi cha WhatsApp anayeulizwa "sasa nisome nini?" Kazi ina sehemu tatu: kukijua kitabu, kumjua msomaji, na kuhakikisha kitabu kinapatikana. Wengi huishia ya kwanza, ndiyo maana mapendekezo yao hujibiwa "asante, nitakitafuta", na hakitafutwi.

Anza na vitabu 30

Mwenye vitabu 30 anavyovijua kwa undani humfaa msomaji kuliko mwenye majina 300 kichwani. Vigawe hivi: vipya, yaani vilivyotoka ndani ya miaka mitatu, viwe 10, vilivyosahaulika viwe 15, tafsiri ziwe 5. Kisha vikague upya kwa jicho jingine. Je, vyembamba visivyofika kurasa 120 vinatimia 8? Je, zimo diwani mbili, mikusanyiko mitatu ya hadithi fupi, na vitabu vinne visivyo vya kubuni kama tawasifu na historia? Kosa la kawaida ni kujaza riwaya nene za maudhui mazito, kwa kuwa ndizo tulizofundishwa kuziheshimu. Halafu anakuja msomaji mwenye dakika 20 tu kwenye matatu ya Kayole, na huna cha kumpa.

Vipya vitafute kwenye orodha fupi za tuzo, usiishie kwa washindi. Mshindi wa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta hupata picha gazetini na nafasi dirishani mwa duka. Aliyekuwa wa tatu hapati kitu, na pengine kilichowatenganisha ni ladha ya majaji tu. Tuzo ya Safal ya fasihi ya Kiswahili, iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ina jambo lake la kuangaliwa: hupokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Kazi inaweza kutangazwa mwaka huu na kitabu chenyewe kikaja kuonekana baadaye, watu wakiwa wamekwisha kusahau. Andika majina ya waliotajwa, weka ukumbusho wa miezi sita kwenye simu, kisha uulizie tena.

Kwenye Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu ya Nairobi, ambayo kwa kawaida hufanyika Septemba pale Sarit Centre, Westlands, watu hupita wakitazama vilivyopangwa mbele. Wewe omba orodha kamili ya mchapishaji na uanze kuisoma kutoka nyuma. Kisha muulize mhudumu swali moja: "Ni kitabu gani cha watu wazima mlicho nacho kwa wingi ghalani na hakitoki?" Swali hilo hufungua katoni ambazo hazijafunguliwa tangu uzinduzi. Wachapishaji wa Tanzania, kama Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam, wape muda wa kutosha, kwa sababu mengi wanayotoa hayafiki kwenye rafu za Nairobi bila mtu kuagiza.

Waandishi wanaojichapishia wana kipimo cha peke yao. Soma kurasa 10 kalamu ikiwa mkononi. Ukikuta makosa ya ngeli zaidi ya moja kwa kila ukurasa, mwandishi hakupata mhariri, na msomaji makini atakwama hapo hapo hata kisa kiwe kitamu vipi. Lakini usivitupe vyote kwa kapu moja. Kumbukumbu za mitaa ya Eastlands, za reli, za Saba Saba, nyingi huandikwa na watu ambao hakuna mchapishaji aliyewapokea, na hazipatikani kwingine kokote.

Vilivyosahaulika viko sehemu mbili: maktabani na kwenye mtumba. Maktaba ya McMillan iko Banda Street karibu na Msikiti wa Jamia, na ina matawi Kaloleni na Makadara. Ile ya kitaifa, ambayo wengi huiita knls, ina makao Upper Hill na tawi Buruburu. Nenda kwenye rafu za Kiswahili uangalie migongo iliyofifia. Fungua jalada la nyuma. Penye karatasi ya kupigwa mihuri ya tarehe, na muhuri wa mwisho ukiwa wa miaka mingi iliyopita, umepata mgombea. (McMillan ilifunguliwa 1931, mwaka ule ule ambao mkutubi wa India, S. R. Ranganathan, alichapisha kanuni zake tano za ukutubi. Mbili kati ya hizo ndizo kazi yetu hasa: kila msomaji ana kitabu chake, na kila kitabu kina msomaji wake. Kwa miongo kadhaa McMillan yenyewe ilikuwa ya Wazungu pekee. Kanuni ni jambo moja, mlango kufunguliwa ni jambo jingine.)

Wauzaji wa "inama", wale unaoinama kuchagua vilivyotandazwa chini, huweka bei kwa unene na hali ya jalada, kwa nadra sana kwa uadimu. Nenda asubuhi ya siku ya kazi, kabla ya msongamano wa jioni. Msalimie, mwambie unatafuta vitabu vya Kiswahili visivyo vya shule, umwachie namba yako. Mara ya pili atakuwa amekuwekea kando. Ukimkandamiza bei mara ya kwanza, hutapigiwa simu.

Soma ukurasa wa hakimiliki kabla ya jalada

Ukurasa huu, nyuma ya ule wenye jina, hukwambia mengi ndani ya sekunde 30. Ukiona mstari wa "kimechapishwa mara ya kwanza" ukifuatwa na miaka mingi ya kuchapwa upya iliyopangana, karibu kila mwaka, huenda kitabu hicho kilipita shuleni. Kinajulikana, na pengine kimechosha watu. Ukiona mwaka mmoja tu, wa zamani, hapo simama.

Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu kimataifa, nayo husema. Ikianza na 978-9966, imetolewa Kenya. 9976 na 9987 ni za Tanzania, 9970 ni ya Uganda. Ikiwa na tarakimu 10 badala ya 13, chapa hiyo inaelekea kuwa ya kabla ya 2007, mwaka ambao dunia ilihamia tarakimu 13. Maana yake kwa kazi yako: usitegemee duka kuwa na nakala, anzia maktabani. Inakili namba hiyo kila mara. Majina ya vitabu hufanana, na wauzaji huyaandika kwa tahajia tofauti kwenye kompyuta, namba haikosewi.

Kadi ya kila kitabu

Vile 30 visome vyote hadi mwisho. Vinavyokuja nje ya hivyo, soma kurasa 10 za mwanzo, 10 za katikati, na ukurasa mmoja wenye mazungumzo mengi. Mazungumzo ndiyo hufichua mwandishi dhaifu: wahusika wote wakizungumza kwa sauti moja, riwaya itachosha kabla ya nusu. Kitabu usichokimaliza unaweza kukipendekeza, mradi useme wazi kwamba hujakimaliza.

Kisha andika kadi, nusu ya karatasi ya A5, usizidishe. Nancy Pearl, mkutubi wa Seattle, Marekani, alieleza kwamba msomaji huingia kitabuni kwa mlango mmoja kati ya minne: kisa, wahusika, mahali, au lugha yenyewe. Huo mlango ndio mstari wa kwanza wa kadi, kwa sababu ndio utakaokuongoza wakati msomaji amesimama mbele yako. Hii hapa kadi moja ikiwa kamili:

Peponi. Abdulrazak Gurnah, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Mkuki na Nyota, 2022.
Mlango: mahali, kisha wahusika.
Kisa: Yusuf, kijana wa miaka 12, anaondoka nyumbani na tajiri Aziz akidhani ni ami yake. Kumbe yeye ndiye malipo ya deni la baba yake.
Wakati: miaka ya kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, pwani na bara.
Kasi: ya taratibu, isipokuwa kwenye safari ya msafara.
Atakipenda: mpenda safari, mpenda historia ya pwani, aliyemsikia mwandishi alipopata Tuzo ya Nobel ya 2021 na hajawahi kumsoma.
Kitamshinda: anayetaka fumbo litatuliwe na wabaya waadhibiwe.
Tahadhari: utumwa wa deni, ukatili, dokezo la watoto kudhulumiwa kingono.
Pa kusomea kwa sauti: mwanzo wenyewe, kuondoka kwa Yusuf.

Mstari wa "Kitamshinda" ndio watu huuruka, na ndio wenye thamani kubwa. Kadi isiyotaja nani hatakipenda kitabu ni tangazo tu la biashara. Mstari wa tahadhari uandike hata pale unapoona aibu kuuandika. Msomaji aliyefiwa juzi akipewa riwaya inayofungua kwa mazishi bila kuambiwa, hatarudi kwako tena.

Maswali matatu, kwa mpangilio huu

Usiulize "unapenda vitabu vya aina gani?" Watu wengi hawajui, na huishia kujibu kwa jina la heshima: "historia", "vya kujiendeleza". Uliza kuhusu kitabu kimoja cha kweli. Mazungumzo mazuri kwenye kaunta huenda hivi:

"Karibu, mama. Nikusaidie?"
"Nataka tu kitabu kizuri cha Kiswahili. Si cha shule."
"Sawa. Cha mwisho kukushika mpaka ukachelewa kulala, ni kipi?"
"Aa, ni zamani. Kilikuwa cha upelelezi, mtu ameuawa, hawajui ni nani amefanya."
"Ulichopenda zaidi ni kutaka kumjua muuaji, au ni yule mpelelezi mwenyewe?"
"Mpelelezi! Alikuwa na maneno yule."
"Na ni kipi ulikianza ukakiacha?"
"Cha mtoto wangu. Kila ukurasa mtu anahubiri."

Dakika moja haijaisha, na tayari unajua mambo ambayo neno "upelelezi" lisingekwambia. Mlango wake ni wahusika, na kisa kinafuata. Mahubiri humfukuza. Mama huyu mpe Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla, riwaya ya Zanzibar iliyotolewa 1960 na East African Literature Bureau, shirika lililokuwa na makao hapa hapa Nairobi. Mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake, ni mtu wa kusikilizwa. Kwa msomaji anayefuata kisa tu, anayetaka maiti tatu kabla ya ukurasa wa 50, kitabu hicho hicho kingekuwa kosa, kwa kuwa mwendo wake ni wa mtu anayewaza.

Swali la tatu, la kitabu kilichoachwa, usilisahau hata ukiwa na foleni. Linachuja kuliko yale mengine mawili. Na ukipewa jibu la "kilikuwa kigumu", chimba zaidi: ugumu wa msamiati, wa majina mengi, wa kuruka nyakati, au wa maandishi madogo? Kila mmoja una dawa yake. Huo wa mwisho hutibiwa kwa toleo jingine au miwani, wala hauna uhusiano na fasihi.

Badilisha jambo moja tu

Hapa ndipo mapendekezo mengi huharibika. Msomaji anasema amependa riwaya fulani, nawe unampa nyingine kwa sababu "nayo inahusu ufisadi". Maudhui ndicho kiungo dhaifu kuliko vyote. Vitabu viwili vya ufisadi vinaweza kufanana kama ardhi na mbingu.

Fanya hivi: shika mlango wa msomaji usiuachie, kisha badilisha jambo moja peke yake: nchi, enzi, utanzu, au lugha. Kijana anayesoma bunilizi za sayansi kwa Kiingereza, na anayeamini Kiswahili hakina kitu hicho, usimpe riwaya ya kijijini eti "aanze taratibu". Mpe Walenisi ya Katama Mkangi, ya 1995, ambayo mhusika wake anafikia ulimwengu mwingine kabisa na ambayo jina lake, ukilitamka polepole, ni "wale ni sisi". Mwandishi alikuwa mwanasosholojia Mkenya aliyewekwa kizuizini miaka ya 1980, na taarifa hiyo peke yake humfanya msomaji wa rika hilo akigeuze kitabu kutazama nyuma. Umebadilisha lugha tu. Ulimwengu mgeni amebaki nao.

Ukibadilisha mawili kwa pamoja, sema waziwazi kwamba unabahatisha. Ukibadilisha matatu, unampa kitabu chako wewe.

Unene nao hudanganya. Nagona ya Euphrase Kezilahabi, ya 1990, ni kijitabu chembamba, na wengi humpa msomaji mchanga kwa kuwa "ni kifupi, atakimaliza". Ni miongoni mwa kazi ngumu zaidi za Kiswahili: mantiki yake ni ya ndoto, na anayetafuta mwanzo, kati na mwisho hutoka mikono mitupu. Mpe anayesoma falsafa, au mshairi, au mtu aliyekwambia amechoka kutafuniwa. Huyo atakisoma mara mbili.

Toa vitabu vitatu, visizidi: kimoja cha karibu na alichokitaja, kimoja cha mbali kidogo, kimoja cha kubahatisha. Viweke mezani vyote vitatu, majalada yakitazama juu, kisha unyamaze. Orodha ya 20 inayotumwa WhatsApp haisomwi, huhifadhiwa.

Sema sentensi tatu, kisha fungua ukurasa

Ya kwanza: nani yuko katika hali gani. Ya pili: kusoma kitabu hicho kunahisije, ni cha kasi, cha kuchekesha, cha kukutuliza au cha kukusumbua. Ya tatu: kwa nini umemfikiria yeye. "Kuna kijana ametolewa kulipa deni la baba yake na yeye hajui. Kinakwenda polepole, halafu safari inaanza na huwezi kukiweka chini. Nimekufikiria kwa sababu ulisema ulipenda kile cha misafara." Basi. Maneno kama "utakipenda sana" na "ni lazima ukisome" yaache. Hayo humfanya mtu aone deni, na deni hukwepwa.

Usisimulie zaidi ya robo ya kwanza. Fungua ukurasa ulioandika kwenye kadi, soma kwa sauti nusu yake, umkabidhi kitabu kikiwa wazi papo hapo. Anayeshika kitabu kilichofunguliwa huendelea kusoma alipoishia msomaji wa kwanza. Akikipokea kimefungwa, hugeuza nyuma kutafuta bei.

Jambo la muda liseme kwa hesabu. Mwombe asome kurasa mbili umpimie kwa simu. Akitumia dakika mbili kwa ukurasa, riwaya ya kurasa 180 ni dakika 360, yaani saa 6. Kwa safari ya dakika 40 kutoka Rongai hadi mjini, hizo ni kurasa 20, hivyo safari 9: Jumatatu asubuhi hadi Ijumaa asubuhi. "Wiki moja ya matatu" hueleweka kuliko "si kirefu".

Kovu la seti buku

Wasomaji wengi wa Nairobi waliiacha riwaya ya Kiswahili siku walipomaliza karatasi ya mwisho ya mtihani. Walifundishwa kuisoma kwa kusaka mbinu rejeshi, sadfa na tashihisi, na hadi leo wakiona jalada lenye nembo ya mchapishaji wa vitabu vya shule hujihisi wataulizwa swali la alama 20. Usiwakemee kwa kutopenda lugha yao. Wanaipenda, wanaimba taarabu na bongo fleva neno kwa neno. Kilichowaumiza ni namna ya kusomeshwa.

Kwa msomaji wa aina hii, epuka toleo lenye maswali ya marudio mwishoni kama kuna jingine. Anza na hadithi fupi moja, kurasa 8 hadi 12, inayoisha kwa kikao kimoja. Usimuulize "umejifunza nini?" Muulize "yule mwanamke alifanya vizuri kuondoka?" Akibishana nawe, amerudi.

Msamiati wa pwani na visiwani ndio kikwazo cha pili. Mtu aliyekulia kwenye Kiswahili cha Nairobi na Sheng hukutana na maneno kama "ajizi", "ghaidhi" na "utesi" mara nne katika ukurasa mmoja akadhani tatizo ni yeye. Chukua kipande cha manila, upana wa sentimita 5, urefu wa 18. Andika maneno 10 yanayojirudia zaidi katika kurasa 30 za kwanza, na maana fupi ya kila moja, ukichomeke kitabuni kama alamisho. Maneno 10 yanatosha. Ukiandika 40 umetengeneza kamusi na umemrudisha darasani. Baada ya kurasa 30 muktadha humbeba mwenyewe. Kama kitabu kina faharasa nyuma, mwonyeshe ilipo kabla hajaondoka, kwa kuwa wengi huigundua wakiwa wamemaliza.

Kitapatikana wapi, kwa bei gani, leo

Kupendekeza kitabu kisichopatikana ni kumnyima mtu mara mbili. Kabla ya kukitaja, ujue nakala iko wapi. Fuata mpangilio huu: maktaba, duka, ofisi ya mchapishaji, inama, kisha kuazimana. Dukani piga simu kwanza, utaje ISBN, uombe nakala iwekwe kando kwa jina la msomaji. Bei iulize siku hiyo hiyo. Tangu 2013 vitabu hutozwa VAT ya asilimia 16, na bei ya chapa ya zamani inaweza kutofautiana sana na ya chapa mpya ya kitabu kile kile.

Ukiambiwa "kimeisha", uliza kimeishia wapi. Kimeisha dukani: ofisi ya mchapishaji huenda bado inacho. Kimeisha ghalani: uliza kama kuna mpango wa kukichapa tena, na useme ni watu wangapi wanakitaka, kwa sababu maombi ya nakala 30 kutoka kwa chama kimoja cha wasomaji ni jambo la kuzungumzwa ofisini. Hakichapwi tena: umebaki na maktaba na mtumba, na ni haki msomaji aambiwe hivyo mapema.

Nakala bandia zitambue kwa mkono na jicho. Maandishi hufifia upande mmoja wa ukurasa na kukolea upande mwingine, pambizo hazilingani, rangi ya jalada imechujuka au picha imekatwa pembeni, gundi ya mgongo hupasuka ukikifungua katikati. Usimpeleke msomaji huko, hata akisema bei ni nusu. Vivyo hivyo PDF za WhatsApp. Kitabu kilichosahaulika huwa kimechapwa nakala chache, na nakala 50 ambazo hazikununuliwa ndizo huamua kama mwandishi huyo atachapwa tena.

Rafu na meza

Kitabu kisichojulikana kikisimama kwa mgongo hakionekani. Weka vitabu 8, majalada yakitazama mbele, katika urefu wa macho, si zaidi ya 8. Badilisha kila baada ya wiki mbili. Chini ya kila kimoja weka kikadi cha maneno 25 hadi 30 kilichoandikwa kwa mkono. Maandishi ya mkono hunasa jicho kwa kuwa huonyesha kuna mtu aliyekisoma. Changanya kimoja kinachojulikana kati ya saba visivyojulikana. Huyo mmoja ndiye humsimamisha mpita njia. Kadi zinazorudia "kitabu hiki ni kizuri" huanza kupuuzwa mapema.

Kwa watoto kanuni ni ile ile, ila mlangoni wamesimama wawili. Mzazi huuliza kama kimeidhinishwa na KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya; mtoto hutazama picha. Jibu mzazi kwa ukweli, kisha mpe mtoto viwili achague kimoja mwenyewe.

Daftari la marejesho

Bila marejesho hutajua kama unakosea. Chora safu sita: tarehe, msomaji (herufi za kwanza za majina zinatosha), kitabu alichokitaja, mlango, ulichompa, na ukurasa alipofika. Safu hiyo ya mwisho ndiyo mwalimu. Wanaokwama kabla ya ukurasa wa 20 wamekwamishwa na lugha. Alamisho lako halikutosha au mlango haukuwa wake. Wanaokwama katikati wamekwamishwa na kasi. Wanaomaliza na kunung'unikia mwisho hawakuonywa. Wengi wakikwamia kitabu kimoja, kitoe kwenye vile 30 na uingize kingine, hata kama ni kipenzi chako.

Mruhusu mtu kuacha, na umwambie hivyo unapomkabidhi kitabu. Nancy Pearl ana kanuni ya kurasa 50: ukifika hapo na hujashikwa, kiache, na waliopita umri wa miaka 50 watoe umri wao kwenye 100, jibu ndilo idadi ya kurasa wanazodaiwa. Mzee wa miaka 70 anadaiwa 30 tu. Kwa vitabu vyembamba, theluthi moja inatosha. Msomaji anayejua anaruhusiwa kuacha huchukua vitabu vya kubahatisha kwa urahisi zaidi, na humo ndimo vilivyosahaulika hupata watu wao.

Mtumie ujumbe baada ya siku 10, wenye swali moja: "Umefika wapi na Yusuf?" Taja mhusika, usitaje kitabu. Akijibu kwa habari ya Yusuf, mwache aendelee. Akijibu "bado sijapata nafasi", subiri siku 10 nyingine, kisha mpe kile cha pili kati ya vile vitatu.

Na ukiwa na nakala moja tu ya kitabu ambacho hakichapwi tena, bandika karatasi ndani ya jalada la nyuma yenye mistari ya tarehe na majina, muda wa kila mtu wiki tatu, na namba yako juu. Kabla haijaondoka mara ya kwanza, piga picha ukurasa wa hakimiliki na jalada, utie mkanda wa plastiki mgongoni, na uandike kwenye daftari ni nani anayefuata foleni.